Mwaka Niliokwenda Bondeni na Darubini

Swali lililoninyima usingizi wiki ile yote lilikuwa dogo kiasi kwamba ningeona aibu kumwuliza mtu: je, nilikana vya kutosha? Kukana nilikana. Nakumbuka mahali nilipokuwa nimekaa na hata mboga niliyokuwa ninakula. Lakini mtu anaweza kukana huku mdomo umejaa ugali, anaweza kukana huku anacheka, anaweza kukana kwa sauti ya mtu ambaye hataki sana kuaminiwa. Nikiwa chumbani kwangu Turwa, hapa Tarime mjini, nilijaribu kuisikia upya sauti yangu ya mwaka ule, nikashindwa kujua ilikuwa ya namna gani. Nikibadilisha ubavu, sauti nayo inabadilika. Upande wa kulia nasikika mkweli. Upande wa kushoto nasikika kama mtu anayetega.

Aliyeliamsha swali hilo ni Nesi Zuhura, muuguzi wa zahanati ya kijijini kwa shangazi yangu. Yeye ni mtu wa Lindi, aliletwa huku na barua ya ajira na hajawahi kuizoea baridi ya asubuhi ya Tarime. Alikuja mjini kwa semina, akapita kwangu kunisalimia. Nilimpa kiti, mimi nikakaa kitandani, tukanywa chai kwenye vikombe ambavyo kimoja hakina mkono. Aliniuliza habari za shule ninayofundisha, nikamjibu, nikamwuliza habari za kijiji, akakoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Shangazi yako anakusalimia," alisema. "Ukuta wa jiko lake umeanguka na mvua hizi."

"Umeanguka wote?"

"Wote. Anapikia nje. Mvua ikija anafunika moto na karai na kukimbilia ndani. Nikamwambia, mama, si uhamie kwenye ile nyumba yako ya bondeni, ina bati zima? Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema ile si nyumba ya kukaa, ile ni ya mpango wa Mwita." Akaweka kijiko chini. "Mpango gani, Mwita?"

"Hakuna mpango."

"Mimi najua hakuna. Yeye anajua?"

Miaka imepita tangu niondoke kule, na muda wote huo nilikuwa nimejiambia kwamba shangazi ameshaelewa, kwamba mambo kama yale huisha yenyewe, watu wakayacheka na kuyasahau. Kumbe alikuwa ananingoja.

Nilifika kwa Shangazi Bhoke mwaka ule baada ya kumaliza chuo, nikiwa na shahada ya biolojia, begi moja, na darubini kuukuu niliyoachiwa na mwenzangu wa bweni aliyekuwa anapunguza mizigo. Kioo kimoja cha darubini hiyo kilikuwa na mkwaruzo, kwa hiyo kila ndege niliyemwona alikuwa na mstari mwembamba kifuani. Nilikwenda kupumzika wiki mbili huku nikisubiri majibu ya maombi ya kazi. Nikakaa mwaka. Nyumba ya shangazi iko upande wa pili wa kilima ukitokea Nyakunguru, si mbali na mgodi, na usiku unaweza kuona mwanga wa taa zake angani kama mwezi unaokataa kupanda. Ilikuwa na vyumba vitatu ambavyo kuta zake za ndani hazikufika juu, na maneno yalivuka kutoka chumba hadi chumba bila kubisha hodi. Nikiwa nimelala kwenye chumba cha katikati, kati ya magunia ya mtama na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, nilisikia kila kitu ambacho wageni wa shangazi walidhani wananong'ona.

"Bado yupo?"

"Yupo."

"Amesoma mpaka wapi huyu?"

"Mpaka mwisho."

"Mwisho ndio hapa kwako?"

Halafu kicheko, halafu shangazi akisema, "Kunyweni uji, unapoa." Hakunitetea na hakunicheka. Asubuhi alinipa ugali wa mtama na mboga ya mgagani iliyolazwa kwenye maziwa, akanitazama nikila, na mimi nikawa ninakata matonge madogo ili nisionekane kama mtu anayemaliza chakula cha watu. Vijana wa rika langu walikuwa wanaingia mashimoni kuchimba dhahabu au wanaendesha pikipiki hadi Sirari mpakani na kurudi. Walikuwa na vumbi la kazi miguuni. Mimi nilikuwa na miguu safi, na nadhani hakuna kitu nilichokionea aibu mwaka ule kuliko miguu yangu.

Ndipo nilipoanza kwenda bondeni. Nikisema ukweli wote, sikwenda kwa sababu ya ndege. Nilikwenda kwa sababu bondeni hakukuwa na mtu wa kuniuliza. Lilikuwa bonde lenye maji chini yake, nyasi ndefu, vichaka vya miiba pembeni na kijito kidogo ambacho ng'ombe walinywa jioni. Nilibeba darubini ili nikikutwa nionekane nina shughuli. Lakini ukishika darubini kila siku, mwisho unaangalia. Niliona ndege wadogo waitwao chozi wakinyonya maua mekundu ya michongoma na kupigapiga mbawa kama vitu vya kuchezea vya watoto. Niliona mnana wakifuma viota vyao juu ya kijito, dume akining'inia kichwa chini na jike akija kukagua, akivuta uzi mmoja kwa dharau na kuondoka. Wakati mwingine korongo taji walitua wawili wawili, wakatembea kwenye nyasi kwa hatua za watu waliovaa vizuri. Kulikuwa na kereng'ende wa rangi ya kutu, vunjajungu waliojifanya vijiti, na dundu wanaoviringisha kinyesi cha ng'ombe kinyumenyume, nikiwatazama mpaka magoti yanauma. Kwa saa kadhaa nilisahau kwamba mimi ni mtu anayesubiri majibu. Nikirudi nyumbani nilisema nimetembea tu. Sikusema nimeangalia ndege. Mtu mzima wa kwetu, tena mwanaume, haendi kuangalia ndege. Watoto ndio wanaowaangalia, na wanawaangalia wakiwa na manati.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali baada ya mvua. Kando ya kijito, mahali ambapo ng'ombe walikuwa wamesimama na kukojoa, vipepeo weupe na wa manjano walikuwa wametua kwenye tope, wengi sana, wamebana mbawa zao, wananyonya chumvi. Ukipitisha mkono walipaa wote kama karatasi zilizochanwa, wakarudi palepale. Nilipiga magoti. Nilitoa simu nikawapiga picha, nikasogea, nikainama mpaka pua ikakaribia tope. Nilipoinua kichwa, Chacha alikuwa amesimama juu ya ukingo. Chacha ni jirani wa shangazi, mwendesha bodaboda, mtu anayejua habari ya kijiji kabla haijatokea. Hakuweza kuwaona vipepeo. Nilikuwa nimewapeperusha.

"Msomi," aliniita. "Unapima nini?"

"Sipimi. Naangalia tu."

"Unaangalia udongo?"

"Hapana. Vipepeo."

Alicheka. Halafu akaangalia darubini shingoni mwangu, akaangalia simu mkononi, akaangalia tope nililokuwa nimelipigia magoti, na nikaona kicheko kikimtoka usoni taratibu. Aliangalia bonde lote mpaka upande ule ambako mgodi uko.

"Sawa, bosi," alisema. "Vipepeo. Mimi sijakuona."

Jioni ile nilipopita senta, mtu alinyanyuka kunipisha kwenye kiti.

Kwa asiyejua kwetu lazima nieleze jambo moja. Karibu na mgodi watu wana mtindo unaoitwa kutegesha. Ukipata fununu kwamba eneo fulani litachukuliwa, unawahi: unaotesha miti, unasimamisha nyumba, ili siku wathamini wakija wakukute una mali ya kulipwa fidia. Kinachotakiwa ni kujua mapema. Na kwa macho ya kijiji, kijana mwenye shahada ambaye anakaa mwaka bila kazi na halalamiki, anayetoka kila asubuhi na darubini kwenda bonde moja lilelile, akainama kupiga picha udongo na akiulizwa anasema vipepeo, alikuwa na maelezo ya aina moja tu. Nilikuwa nimetumwa. Hata ukimya wangu wa aibu ulinifaa: ndivyo anavyokaa mtu mwenye siri ya kazi.

Shangazi aliniuliza mara moja, wakati wa chakula. Kulikuwa na kuku usiku ule, na nilipaswa kujiuliza kwa nini. Aliniita mura, yaani kijana, akateremsha sauti, ingawa tulikuwa peke yetu.

"Mura, hawajakuruhusu useme?"

"Nani, shangazi?"

"Hao."

"Hakuna aliyenituma, shangazi. Kweli."

"Ndiyo," alisema, akaniongezea paja. "Ndivyo unavyotakiwa kusema. Kula."

Nikacheka. Hapo ndipo ninapokwama kila ninapolikumbuka. Kwa nini nilicheka? Nilicheka kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha, au kwa sababu ya paja la kuku, au kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu nifike hakuna aliyekuwa ananong'ona juu ya ukuta? Kuanzia kesho yake aliniwekea mayai mawili ya kuchemsha kwenye mfuko kabla sijatoka. Nilidhani ni upendo. Ulikuwa upendo, lakini pia yalikuwa mayai ya mtu anayekwenda kazini.

Ndani ya muda mfupi bonde likaanza kubadilika. Ilianza miche ya mikaratusi, imepandwa imebanana kama mahindi. Halafu nyumba: kuta za udongo, bati juu, mlango wa kuazima au bila mlango kabisa, nyumba ambazo hakuna aliyekusudia kulala ndani yake. Nyasi zikakatwa. Mnana wakahama, kisha korongo taji. Mimi nikawa ninawatafuta wale waliobaki, nazunguka zaidi, nakwenda mbali zaidi kando ya kijito, na kila nilikozunguka na darubini yangu kesho yake palikuwa na mtu anachimba shimo la nguzo. Nilielewa siku nilipomkuta dudumizi kwenye kichaka kimoja cha mwisho, nikasimama kumsikiliza, na nyuma yangu wanaume wawili wakasimama vilevile, kimya, wakiangalia nilikokuwa ninaangalia. Niliteremsha darubini. Nikarudi nyumbani nikiwa nimeamua kusema mbele ya wote.

Nilichelewa. Uani kulikuwa na tela la ng'ombe lenye mabati mapya yanayoumiza macho, na majirani wamelizunguka. Kwenye mti wa kufungia ng'ombe kulikuwa na kamba tupu. Ng'ombe aliyekuwa akikaa pale alikuwa wa maziwa, mweusi, wa pekee, ndiye aliyekuwa anatoa maziwa ya mgagani wangu.

"Shangazi," nilisema kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie, "mimi huwa naangalia ndege. Ndege tu. Na vipepeo. Hakuna kitu kitakachojengwa bondeni."

Walicheka sana. Chacha alijishika tumbo. "Ndege, bosi! Na ndege ana hati miliki?" Mzee mmoja aliniambia nimefunzwa vizuri. Shangazi peke yake hakucheka. Alinishika mkono akanivuta hadi nyuma ya nyumba, uso wake umebadilika.

"Usinivunjie heshima mbele ya watu," alisema. "Hukutaka kuniambia, sawa, kazi ni kazi. Lakini usiwaambie watu kwamba mtoto wa kaka yangu amesoma mpaka mwisho halafu anashinda anaangalia ndege. Bora waseme unaficha."

Nimelitafuta jibu lake tangu siku ile. Alikuwa amechagua, kati ya mambo mawili, lile lililonipa heshima, akaliuzia ng'ombe. Kung'ang'ania ukweli kungekuwa kumnyang'anya vyote viwili. Kwa hiyo nilisaidia kushusha mabati. Miezi michache baadaye nikapata kazi ya kufundisha Tarime mjini, na kijiji kizima kikanisindikiza kwa tabasamu la watu wanaojua nimepandishwa cheo. Kila nilipompigia shangazi simu alimalizia kwa kuniambia kwamba nyumba ya bondeni ipo, anaifagia kila wiki. Nilikuwa nikijibu, "Sawa, shangazi." Ile "sawa" nayo nimeipima sana.

Nesi Zuhura alipoondoka niliosha vikombe nikavikausha, nikaviosha tena. Niliandaa maneno. Nilifikiria barua, nikafikiria kumtuma Zuhura mwenyewe, nikafikiria kutuma mchango wa jiko bila kusema lolote, na hili la mwisho lilinivutia kwa siku kadhaa kwa sababu lilifanana na wema. Jumamosi nilitoa darubini chini ya kitanda, nikafuta vumbi, nikapanda gari la kwenda kwa shangazi. Chacha ndiye aliyenipokea barabarani na pikipiki.

"Bosi! Umerudi na fidia?"

"Una nyundo ya kung'olea misumari?"

Aligeuka akaniangalia hadi pikipiki ikayumba. Hakuuliza tena. Alipitia kwake akachukua nyundo.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kinu, mbele yake mafiga matatu na karai pembeni. Ukuta wa jiko ulikuwa rundo la udongo lenye nyasi changa juu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mura. Umekonda. Chai haijachemka, kuni zimelowa."

"Tutakunywa tukirudi. Naomba twende bondeni mimi na wewe."

Alisimama haraka, akatafuta kitenge chake kizuri, na nilijua anadhani siku imefika. Nilitaka kusema palepale. Nilimwacha afunge kitenge.

Bondeni mikaratusi ilikuwa imekuwa mirefu na mingine imekufa, na nyumba nyingi zilikuwa zimeshavunjwa na wenyewe. Kijito kilikuwepo. Nilimvika darubini shingoni, nikamwonyesha namna ya kuizungusha mpaka picha itulie. Niliogopa atakataa. Akaiweka machoni.

"Unaona nini?"

"Majani."

"Panda juu kidogo. Kwenye ua lile."

Chozi dume alikuwa anazunguka ua, kifua kinawaka.

"Ana mstari," alisema shangazi.

"Mstari ni wa darubini. Yeye hana." Nikavuta pumzi. "Ndiye huyu, shangazi. Mwaka ule wote, kila asubuhi, nilikuwa namwangalia huyu. Na wale wa manjano pale topeni. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa naona aibu kukaa nyumbani bila kazi, nikawa nakuja hapa nisionekane."

Hakuishusha darubini. Niliona vidole vyake vikikaza.

"Mwaka mzima."

"Mwaka mzima."

"Na mimi nakuchemshia mayai."

"Ndiyo."

"Uende kazini." Chozi aliruka, shangazi akamfuata na darubini angani mpaka akampoteza. Alipoishusha macho yake yalikuwa na miduara miwili ya kubanwa, na aliongea bila kunitazama. "Ungesema ulikuwa na aibu ningekuelewa, mura. Aibu naijua. Unadhani nilikuwa siwasikii wale wanawake wakinywa uji wangu?"

Tulitembea hadi kwenye nyumba yake ya bati. Ndani palikuwa pasafi, pamefagiliwa, sakafu haina alama ya mguu wa mtu. Chacha alikuwa ameshaweka ngazi, tung'oe mabati yakaezeke jiko jipya. Nilipanda, nikaweka nyundo chini ya msumari wa kwanza, na hapo mbayuwayu akapita karibu na sikio langu. Kwenye pembe, mahali boriti inapokutana na ukuta, kulikuwa na kiota cha udongo, na ndani yake midomo ya manjano imefunguka. Nilibaki juu ya ngazi. Nikaanza kuwaza: tukingoja wiki mbili, mvua itaongezeka, jiko halitajengwa, na mimi sitarudi, najijua.

"Umeona nini tena huko?" Chacha aliuliza.

"Ndege."

Chacha akafumba macho. Shangazi aliweka darubini machoni akaangalia, ingawa kiota kilikuwa karibu kiasi cha kukigusa kwa fimbo.

"Bati la hapo liacheni," alisema. "Toeni mengine. Hao wakae mpaka wamalize." Akanirudishia darubini. "Angalau yupo mmoja aliyelipwa fidia."

Tulitoa mabati hadi jua likawa juu. Chacha aliyafunga kwa ile kamba ya ng'ombe aliyoileta shangazi mwenyewe, na tukayapandisha kilimani, mimi nikiwa nimebeba yangu kichwani, watu wa senta wakitoka milangoni kuangalia. Mmoja aliniuliza nilikuwa natafuta nini bondeni miaka yote ile. Nilisimama nikamjibu, "Ndege," na safari hii sikucheka.